Kalemie: siku nzima kando ya ziwa kwa franka 4.000

Jua ndiyo linatoka juu ya Ziwa Tanganyika, na kwenye mchanga ambapo mitumbwi ya wavuvi inafikia mabishano yamekwisha kuanza. Msichana mmoja amesimama mbele ya beseni la mikebuka, daftari mkononi. Mama muuzaji hataki kushuka chini ya bei aliyotaja. Msichana anamwita mama, anamwuliza habari za nyumbani, kisha anarudia bei yake ileile. Nyuma yake, rafiki zake wawili wananyamaza. Wamekatazwa kusema wakati wa kununua, kwa sababu mara iliyopita mmoja wao alisifu samaki kwa sauti na bei ikapanda palepale.

Mwishowe mama anaongeza samaki wawili wadogo juu ya fungu na feza zinatoka: franka 12.000. Msichana anaandika. Katika sanduku zimebaki 16.000.

Ni siku ya Mungu, na kikundi hiki cha marafiki 7 kinakwenda kutembea. Hufanya hivi mara moja kwa mwezi. Wawili wanasoma Chuo Kikuu cha Kalemie, mmoja anashona nguo, mmoja ni motari, mmoja anauza vocha za simu, mmoja anafundisha shule ya msingi, na wa saba anatafuta kazi toka alipomaliza masomo. Wasichana ni 3, wavulana 4. Walijuana kwenye sekondari, na hakuna hata mmoja mwenye mshahara wa kujivunia.

Katika mji kama Kalemie, kukutana na marafiki si shida. Shida ni mahali pa kukaa siku nzima bila kutoa feza kila saa. Mwenye uwezo anaingia kwenye hoteli au mgahawa wa kando ya maji, na huko kinywaji ndicho tiketi: chupa ikiisha, mhudumu anakuja kusimama karibu na meza. Nyumbani kwa wazazi kuna wadogo, wageni na kazi za nyumbani. Kinachobaki ni ziwa lenyewe, ambalo halina mlango wala mlinzi. Lakini hata ziwa la bure lina njia zake za kumaliza makuta ya mtu, na kikundi hiki kilijifunza hilo kwa hasara.

Mwaka jana mchango wao ulikuwa franka 10.000 kwa kila mtu. Kwa watu 7, hiyo ni franka 70.000, feza ya kutosha kabisa kwa siku moja. Ila walikuwa wanakwenda kwa pikipiki, kila kichwa franka 1.500 kwenda na 1.500 kurudi, jumla 21.000. Vinywaji vilikula karibu nusu ya kilichobaki. Chakula kilinunuliwa kimepikwa tayari, hukohuko, kwa bei ya mtu aliyekwisha kufika na ambaye hana pengine pa kwenda. Jioni walirudi na njaa, na mara mbili walilazimika kukopa ili warudi.

Halafu yule asiye na kazi akaacha kuja. Mwezi wa kwanza alisema mama yake anaumwa. Mwezi wa pili ilikuwa malaria. Mwezi wa tatu hakujibu simu. Wenzake walikasirika, wakasema amepata marafiki wengine. Dada yake ndiye aliyemwambia mshonaji ukweli, sokoni, bila kukusudia: kijana alikuwa nyumbani siku hizo zote, mzima wa afya. Hakuwa na 10.000, na hakutaka kulipiwa kila mara kama mtoto.

Wale 6 waliobaki walikaa chini na daftari. Waliona kwamba walikuwa wanalipa sana vitu wasivyovikumbuka hata siku iliyofuata. Wakakata pikipiki, ijapokuwa mmoja wao anaishi kwa kazi hiyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyepiga hesabu ya 21.000, akacheka kwamba wenzake wa kituoni ndio walikuwa wanakula karamu yao. Wakakata bia. Anayetaka ananunua kwa feza yake, na ndani ya sanduku la wote haiingii. Wakaamua kupika wenyewe. Mchango ukashuka hadi 4.000, na wakaongeza sharti moja ambalo linaonekana dogo: asiye na 4.000 analeta kitu chenye kazi. Sufuria kubwa, mbabula, mikeka, au mikono ya kubeba na kuosha vyombo. Kinaandikwa katika daftari kwenye mstari uleule wa wenye feza, bila alama yoyote ya kukitofautisha.

Hesabu ya leo ndiyo hii. Franka 28.000 kama wote wangelipa, na kwa kweli aliyeleta sufuria na mbabula amehesabiwa kama amelipa, na wengine wameongeza kidogo kidogo kufikisha jumla. Samaki 12.000. Unga wa muhogo 5.000. Makala 2.000. Nyanya, vitunguu, mafuta, chumvi na pilipili 4.000. Maji ya kunywa na kipande cha sabuni 3.000. Zinabaki 2.000 za dharura, ambazo mtunza sanduku hazitoi hata akiombwa kwa magoti. Bei hizi zinapanda na kushuka, na mwezi ujao mgawanyo unaweza kuwa mwingine. Samaki peke yake ndiye anayeweza kuharibu hesabu yote.

Ndiyo sababu kikundi hiki hakichagui tarehe kwa kalenda ya kawaida. Kinatazama mwezi wa mbinguni. Wavuvi wa Tanganyika wanatega ndakala na mikebuka usiku, kwa taa: mwangaza unavuta samaki karibu na mtumbwi, kisha nyavu zinainuliwa. Mwezi ukiwa mzima, maji yote yanang'aa na taa zinapoteza nguvu, hivyo wengi wanakaa nchi kavu siku kadhaa kutengeneza nyavu. Asubuhi zake beseni ni chache na bei haigusiki. Giza likirudi, taa zinawaka tena ziwani kama mji wa pili, na asubuhi samaki wanafika kwa wingi. Matembezi ya bei ndogo yanafanyika katika majuma hayo ya giza. Kila mama wa Kalemie anajua jambo hili. Vijana walilijua pia, ila hawakuwahi kulifikiria kama jambo la bajeti.

Kuna kipindi kingine cha kuhesabu. Nchi 4 zenye kushiriki ziwa hili, yaani Congo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi 3, toka tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Kipindi hicho kinaingia katikati ya likizo kubwa, wakati ule ule ambapo vijana wana nafasi ya kutembea. Mwaka huu kikundi kitakula maharagi na sombe miezi hiyo, na tayari kuna ambaye analalamika. Mwalimu wao anajibu kwamba asipoacha samaki sasa, watoto wake watakula maharagi mwaka mzima.

Baada ya misa na ibada, wote 7 wanakutana na safari inaanza, kwa miguu. Ni mwendo wa zaidi ya saa moja na mizigo kichwani. Wanaobeba makala wanatangulia, kwa sababu vumbi lake halipendi nguo nyeupe za nyuma.

Kituo cha kwanza ni karibu na Lukuga. Mtu akikulia Kalemie anaona Lukuga kama mto tu, maji ya kufulia na kuvukia. Mwalimu ana tabia ya kuwasimamisha hapo. Mito mingi inaingia katika Ziwa Tanganyika, lakini mmoja tu ndio unaotoka, na ni huu. Unakwenda magharibi hadi kwenye Lualaba, na kutoka hapo maji yaliyopita mbele ya Kalemie yanakuwa maji ya mto Congo, yanapita Kindu, Kisangani na Kinshasa hadi baharini. Mwaka 1874, Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika hapa alikuta mlango huu umezibwa na matope na majani. Ziwa likaendelea kujaa. Mwaka 1878 maji yakashinda, yakabomoa kizuizi na kutoka kwa nguvu, na katika miaka iliyofuata ziwa zima likashuka kwa mita nyingi.

Wawili kati ya wale 7 wamezaliwa katika mji huu na hawajawahi kusikia habari hiyo. Hakuna aliyelipa kitu kuisikia. Msichana wa vocha anataka kupiga picha ya daraja, wenzake wanamzuia: daraja, bandari na mahali pa askari si pa kuchezea na simu, na siku nzuri inaweza kuishia ofisini kwa kueleza kwa nini ulipiga.

Wangeweza pia kupita upande wa gari la moshi, na mara nyingine ndiyo safari yao yote, hasa mvua inapotisha. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, wakati mji ukiitwa Albertville. Mwaka uleule Waingereza walileta kwa reli hiyo boti 2 ndogo, Mimi na Toutou, zilizokuwa zimetoka kwao Uingereza, zikapita Afrika ya Kusini, zikavutwa nchi kavu katika Katanga. Tarehe 26 Desemba 1915 zilikamata meli ya Wadachi iliyoitwa Kingani. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, Wadachi wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Ikainuliwa baadaye, ikapewa jina Liemba, na miaka mingi imesafirisha watu toka Kigoma, ngambo ile ya ziwa. Kwa kijana asiye na kitu mfukoni, habari kama hizi na mtu wa kuzisimulia ni nusu ya matembezi.

Mahali walipokuwa wakikaa zamani hapapo tena. Palikuwa na mchanga mpana na mti wa embe wenye kivuli. Mwaka 2024 ziwa lilipanda, likafunika nyumba na barabara za kando ya maji katika Kalemie, kama vile Uvira na Bujumbura. Familia nyingi zilihama. Familia ya mshonaji ni mojawapo. Walihamisha cherehani kwanza, kisha vitanda. Yeye hapendi kupita pale na wengine wamejifunza kutomwuliza. Mti ulisimama ndani ya maji muda mrefu, ukakauka.

Toka siku hizo, kutafuta mahali ndiyo kazi ngumu kupita kutafuta feza. Ukanda wa mchanga umekuwa mwembamba. Pengine ukuta wa kiwanja unaingia moja kwa moja ndani ya maji, na njia ya miguu ambayo watu wote walikuwa wakiitumia imekatika: unazunguka juu kwenye barabara, au unakunja suruali na kupita ndani ya ziwa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inaweka kitanda cha ziwa katika mali ya umma ya Serikali. Lakini sheria haipigi mbwa wa mlinzi. Leo kikundi kimefukuzwa mara moja, kwa adabu, na kijana wa umri wao aliyekuwa analinda kiwanja kisicho na nyumba. Aliomba radhi. Walimpa sigara moja, wakaendelea.

Hapo ndipo bei ya kweli ya matembezi haya inapoonekana. Franka 4.000 zinatosha kwa sababu mchanga ni bure. Siku ambayo kila kipande cha pwani kitakuwa na mlango, hakuna daftari litakalosaidia: kikundi hiki kitarudi kwenye chupa na mhudumu wa kusimama mezani, na yule wa saba atarudi kwenye malaria yake ya uongo.

Mahali wanapotua mwishowe ni padogo, kati ya mawe na shamba la muhogo. Mama mwenye shamba anaombwa ruhusa kwanza. Anauliza kama wataacha takataka, wanamwonyesha mfuko walioleta, anawaambia wakae. Mbabula inawashwa. Wavulana wanasonga bugali leo, kwa sababu mwezi uliopita walisonga wasichana, na bugali ya leo ina vidonge. Inaliwa hivyohivyo.

Kuhusu maji hakuna mchezo. Kalemie ni kati ya miji ambayo kolera haiishi. Inatulia, kisha inarudi, na watu wa kando ya ziwa ndio wa kwanza kuipata. Maji ya kunywa yamenunuliwa au yamechemshwa nyumbani na kubebwa katika bidoni. Hakuna anayekunywa ya ziwa, hata yakionekana safi kama kioo. Sabuni imo katika bajeti kama vile samaki alivyo. Mikono inaoshwa kabla ya kula, na samaki analiwa moto. Zamani walikuwa wanasahau sabuni kila mara, hadi mtunza sanduku alipoiandika mstari wa juu kabisa wa daftari.

Kuoga kuna masharti yake. Ziwa hili lina kina cha mita 1.470 mahali pake pa ndani kabisa, na hata karibu na mawe linaweza kushuka ghafla. Kati ya marafiki 7, wanaojua kuogelea vizuri ni 2. Hao hawaingii pamoja: mmoja akiwa ndani, mwingine anabaki nje akitazama. Aliyekunywa bia haingii. Kwenye mlango wa mto na penye majani marefu hakuna anayeoga, kwa sababu mamba na viboko wako katika maji haya na hawajali kwamba ni siku ya mapumziko. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki unaamka na mawimbi yanakuwa makubwa; siku za namna hiyo wanaloweka miguu tu.

Wasichana wana hesabu nyingine ambayo wavulana walichelewa kuielewa. Wanahitaji mahali pa kubadilisha nguo, kwa hiyo vikwembe 2 vya ziada vinabebwa na kushikwa kama ukuta. Wanahitaji choo, na ndiyo sababu nyingine ya kumsalimia mama mwenye shamba kabla ya kutua mizigo. Na wanahitaji kufika nyumbani kabla ya giza. Baba wa mmoja wao alikataa mara nyingi, hadi mwalimu alipokwenda kumwona yeye mwenyewe, akaketi, akamwambia wako wangapi, wanakwenda wapi na watarudi saa ngapi, akamwachia namba yake ya simu. Mzee alikubali. Sasa anapiga simu kila alasiri, na mwalimu anapokea kila mara, hata mdomo ukiwa umejaa.

Alasiri inapita bila tukio. Wanacheza karata. Wawili wanalala. Mwenye kuuza vocha anafundisha mshonaji namna ya kupokea malipo ya wateja kwa simu, na mshonaji anamwonyesha picha ya gauni aliloshona wiki hii. Yule asiye na kazi anaongea na motari kandokando, muda mrefu. Motari amesikia kwamba mwenye pikipiki mmoja anatafuta dereva wa zamu ya usiku. Kazi ya usiku haina usalama na yeye mwenyewe aliikataa, anasema hivyo wazi. Mwenzake anauliza maswali mengi kuhusu malipo, halafu kuhusu mitaa yenye hatari, halafu tena kuhusu malipo. Hajasema ndiyo.

Kivuli kikirefuka, mfuko wa takataka unafungwa. Mama wa shamba anapewa samaki mmoja aliyebaki na bugali kidogo. Anacheka juu ya vidonge, anasema mwezi ujao atawafundisha. Kijana wa saba anabeba sufuria hadi kwenye maji, anaisugua kwa mchanga, taratibu, hadi masizi yote yanatoka. Mshonaji anamwambia inatosha, atamaliza nyumbani. Anaendelea kusugua.

Njiani mtunza sanduku anafungua daftari akitembea. Franka 2.000 za dharura ziko zima. Anauliza kama wazigawe au ziingie mwezi ujao. Mmoja anataka soda. Kura inapigwa palepale barabarani, anashindwa 6 kwa 1, na soda haipatikani.

Tarehe inabaki. Mtunza sanduku anatazama juu ya ziwa, ambapo taa za kwanza za wavuvi zinaanza kuwaka, anahesabu kwa vidole siku hadi mwezi mzima na majuma 2 baada yake. Kisha anaandika.